Kitabu Kisicho na Matope

Sehemu ya saba

Mliokuwa nami wiki jana mnajua niliwaacha wapi. Nimefeli hesabu mara mbili, chuo cha upimaji ardhi kimenipa nafasi ya mwisho, na nafasi yenyewe ni moja tu: nimalize mafunzo ya kazini, nikabidhi kitabu changu cha vipimo, kisha Ijumaa kamati ikae na kuamua kama nabaki au nafungasha virago. Anayeanza kusoma leo hajachelewa. Mabaya yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Aliyenipokea kazini ni rafiki wa marehemu baba. Wapimaji wote wanamwita Timazi, jina la lile pande la chuma linaloning'inizwa kwa uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Walimpa jina hilo kwa sababu ya kunyooka kwake. Nacheka ninapoandika hapa, na cheko lenyewe ni chungu. Baba alimshikia ufito wa kupimia miaka ishirini na miwili, na mimi nimekua nikimwita baba mdogo.

Timazi alinituma kupima upya uwanja wa shule moja ya msingi iliyopakana na ghala. Siku kumi na moja, peke yangu na mashine ya kupimia ya miguu mitatu. Msaidizi hakunipa, kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule alikunja mikono ya shati na kunishikia ufito mwenyewe. Tulipofika jiwe la mpaka namba nne nilisoma mara tatu, na mara zote tatu nikamwambia: mwalimu, jiwe lenu limehama. Limeingia ndani ya shule mita tisa.

Ndani ya mita hizo tisa kuna vyoo na darasa la kwanza.

Basi Jumatatu alasiri Timazi akaniita ofisini.

"Keti, mwanangu. Leo sisemi kama bosi. Nasema kama baba yako angesema."

Nikakaa. Moyo ulijaa. Tangu baba afariki hakuna mtu mzima aliyekuwa amenikalisha kitini kuniuliza maisha yangu yanaelekea wapi.

Akakifungua kitabu changu kwa ncha za vidole.

"Hiki ndicho unataka kupeleka chuoni?"

"Ndicho, baba mdogo."

"Matope haya ya nini?"

"Mvua ilinikuta Alhamisi."

"Na hii mistari?"

"Ni pale nilipokosea. Tumefundishwa hakuna kufuta. Unakata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika sahihi juu yake, unatia herufi za jina lako pembeni."

Akatabasamu. "Hao walimu wako wamekanyaga kiwanja lini mara ya mwisho?"

Akafunua ukurasa mwingine kwa ncha ya kalamu.

"Sikiliza mtu aliyekula chumvi nyingi. Mwajiri hana muda wa kusoma makosa yako. Anaangalia mkono. Ukimpa kitabu kimekatwakatwa hivi, anaona msichana asiyejua anachofanya. Nunua kitabu kipya. Nakili chote kwa wino, polepole, kisafi. Tia sahihi kila ukurasa, jina lako lionekane. Hivyo ndivyo mtu anavyojijenga kwenye kazi hii. Mimi nilianza hivyo."

"Na jiwe namba nne?"

"Lina nini?"

"Limehama mita tisa. Nilipima mara tatu."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Hesabu umefeli mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Haya. Ramani ilichorwa na watu waliofaulu. Wewe na ramani mkipishana, nani kakosea?"

Ningeweza kumjibu. Mashine haijui kama nimefeli. Mwalimu mkuu aliona. Lakini mtu aliyefeli mara mbili huzoea kukosea, kiasi kwamba hata akipatia anaomba radhi. Nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa kupima sawasawa, na Mungu anajua nilimaanisha.

"Andika namba ya ramani," akasema kwa upole. "Jua lilikuwa kali, ulichoka. Hakuna atakayekulaumu. Ukimaliza, niletee kile cha zamani nikutunzie. Vitabu kama vile vikizagaa vinaharibia watu majina."

Nikamshukuru. Andikeni hilo, msilisahau: nilimshukuru.

* * *

Jumanne nzima nilinakili, kwenye pembe ya meza ambayo mama anashonea sare za shule. Yeye upande wake cherehani, mimi upande wangu kalamu.

"Unamshukuru baba mdogo wako?" mama akauliza.

"Namshukuru, mama."

"Umshukuru kwa vitendo. Wenzake wote walitusahau siku ya tatu baada ya mazishi. Yeye peke yake ndiye aliyerudi."

Nilipofika jiwe namba nne niliandika namba ya ramani. Ningependa kuwaambia kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Niliandika vizuri kuliko ukurasa mwingine wowote, na nikajisifia mwandiko.

Jioni nikampelekea Timazi kitabu cha matope. Akakifungia kabatini, akanipigapiga bega.

* * *

Jumatano asubuhi nilibisha mlango wa mkuu wa idara. Wanafunzi tunamwita Bi Nukta, kwa sababu ana ugomvi wa maisha na watu wanaosahau kuweka nukta ya desimali. Amewahi kumrudisha mtu mwaka mzima kwa nukta moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Weka hapo."

Hakusoma. Alikiinua kitabu hadi puani, akakinusa.

"Ulikaa uwandani siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mvua ilinyesha?"

"Alhamisi, mwalimu."

"Ikawanyeshea wengine."

Akafunua kurasa haraka haraka, kama anayehesabu tu zipo ngapi.

"Hukukosea hata mara moja."

"Nilikuwa makini."

"Wewe."

Alisema neno hilo moja na hakuongeza kitu. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Nimefundisha miaka kumi na tisa," akasema. "Mpimaji hodari niliyemwona alikosea mara arobaini katika wiki moja na kila kosa lake linasomeka mpaka leo. Kitabu kisicho na kosa kimeandikiwa mezani. Cha kweli kiko wapi?"

"Kwa mshauri wangu wa kazi. Alinishauri ninakili."

"Alikushauri." Akakifunga kitabu. "Unajua kama shule uliyoipima ina kesi na mwenye ghala?"

Sikujua.

"Mwenye ghala anajenga ukuta kufuata jiwe lilipo. Shule inasema jiwe limehamishwa. Juzi ripoti ya mshauri wako imefika mahakamani, inasema jiwe liko mahali pake. Na unajua imeandikwa mpimaji ni nani?"

Nikayakumbuka maneno ya Timazi. Tia sahihi kila ukurasa, jina lako lionekane. Lilikuwa limeonekana.

"Ripoti iliandikwa kabla hata sijaanza kunakili," nikasema.

"Basi mshauri wako alikujua vizuri. Ijumaa saa nne kitabu cha kweli kiwe mezani kwa kamati. Kisipokuwepo, hatutakuwa na cha kujadili kuhusu wewe."

Getini nikamkuta mwalimu mkuu wa ile shule amesimama na mkoba wake wa kaki. Alikuwa ametoka kumwona Bi Nukta kabla yangu.

"Binti yangu," akasema, "mkuu wako amenialika Ijumaa. Nataka kuona ukurasa mmoja tu, ule wa jiwe letu. Wazazi wanataka kwenda kuuvunja ule ukuta kwa mikono. Nimewaambia watulie, vipimo vipo."

"Sawa, mwalimu."

"Ile namba uliiandika?"

"Niliiandika."

Sikumdanganya. Niliiandika kweli, mara tatu, kwenye kitabu kilichofungiwa kabatini kwa mtu mwingine. Niliondoka pale nikijichukia kwa jinsi jibu lilivyonitoka laini.

* * *

Alhamisi nilifika ofisini kwa Timazi kabla hajafungua. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akanisalimu kwa furaha, akaniagizia chai.

"Sitaki chai, baba mdogo. Nataka kitabu changu."

"Kwanza soma hii."

Ilikuwa barua ya ajira. Mpimaji msaidizi, kuanzia Jumatatu, kwenye meza ya pembeni karibu na dirisha. Jina langu lote limeandikwa bila kukosewa hata herufi. Nimeomba kazi sehemu kumi na nne, na hiyo ndiyo barua ya kwanza iliyoanza na neno "tunafurahi".

"Chuo unakililia cha nini?" akasema. "Wanaofaulu pale wanakuja kuomba kazi kwangu, nawaambia nafasi hakuna. Wewe nakupa bila cheti. Huo ndio ushauri wangu wa mwisho kwako: mtu akikufungulia mlango, usianze kumuuliza alipata wapi ufunguo."

"Ripoti iliandikwa jina langu. Hukuniambia."

"Nilikutengenezea jina."

"Umenivisha kilemba cha ukoka. Ulinituma mimi kwa sababu nimefeli. Nikipima vibaya unapata unachotaka, nikipima vizuri hakuna atakayeniamini."

Hakukasirika. Ndiyo tabia yake, anauma na kupuliza. Akavuta kiti akakaa karibu nami kabisa.

"Unajua nani alilihamisha lile jiwe?"

"Sijui."

"Baba yako. Kwa sururu na mikono yake mwenyewe. Mwaka ule ulipoanza sekondari."

Chai ilikuwa imeletwa. Nakumbuka nilitazama mvuke wake.

"Nani alimtuma?"

"Hilo ungemuuliza yeye."

Marehemu haulizwi, na Timazi alilijua hilo kuliko wote. Angeweza kumtwika baba mawe yote ya mji huu na asipate mtu wa kubisha.

"Kitabu chako kikifika pale kilivyo," akaendelea, "mahakama itauliza jiwe lilihamishwa na nani. Waliomwona wapo hai. Mama yako anashonea nusu ya watoto wa shule ile sare. Fikiria atakavyokaa pale mtaani." Akasimama, akanishika bega kama Jumanne. "Nenda nyumbani. Kesho kitabu kitakuwa mezani kwa kamati, nakipeleka mwenyewe. Hutafukuzwa. Umewahi kunisikia nikivunja ahadi?"

Sikuwahi. Ndilo lililoniogopesha.

Nilimkuta mama anatia vifungo.

"Mama, ni kweli baba alihamisha jiwe la shule?"

Sindano ikasimama. Ningefurahi angeuliza jiwe gani, au angenikemea kwa kumsingizia marehemu. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

Akaviringisha uzi kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

"Hakulala wiki nzima," akasema. "Alitaka kwenda kulirudisha. Mimi ndiye niliyemzuia." Kisha, bila kunitazama: "Tulitaka usome."

Akarudia vifungo vyake. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, nikamkasirikia baba, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyesomeshwa kwa fedha za lile jiwe na bado nimefeli hesabu mara mbili.

* * *

Ijumaa saa nne. Chumba cha kamati kina meza moja ndefu na viti sita. Bi Nukta katikati, walimu wawili ubavuni mwake, na mwishoni kabisa mwalimu mkuu wa shule, shati limepigwa pasi, mkoba wake wa kaki mapajani.

Na mezani, kitabu changu. Kile cha matope.

Sikujua kama mtu anaweza kukipenda kitabu namna ile. Doa la Alhamisi lilikuwepo. Kona iliyokunjwa na upepo ilikuwepo.

"Mshauri wako amekileta mwenyewe asubuhi," Bi Nukta akasema. "Nimekaa nacho saa nzima. Hiki sasa ndicho kitabu. Makosa ishirini na saba, kila moja limekatwa inavyotakiwa, hakuna ulilolificha. Hesabu zako za darasani ni janga. Lakini ukiwa uwandani unaona, na unachokiona unakiandika. Hilo hatuwezi kumfundisha mtu."

Mwaka wa tatu huo nasoma pale. Hakuna aliyewahi kuniambia maneno ya namna hiyo. Niliinamisha kichwa ili wasinione macho.

"Kwa ile nakala utapewa barua ya onyo. Lakini utabaki. Kimesalia kitu kimoja tu cha kuthibitisha."

Akakigeuzia kitabu upande wangu, ukurasa wa jiwe namba nne.

Vipimo vyangu vitatu vilikuwepo. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, ili kosa lisomeke. Juu ya kila kimoja iliandikwa namba ya ramani. Pembeni, mara tatu, herufi za jina langu.

Wino uleule wa bluu. Mkia wa herufi ya pili umepinda kushoto kama ninavyoupinda mimi. Nilizitazama herufi zile mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli si mimi, kama siku ile jua lilikuwa kali nikasahau. Timazi aliyenifundisha kunakili kisafi aliijua sheria ya kitabu kichafu kuliko walimu wangu wote. Na ahadi yake alikuwa ameitimiza neno kwa neno: kitabu kipo mezani, mimi sifukuzwi.

"Masahihisho haya ni yako?" Bi Nukta akauliza. "Ukisema ndiyo, kitabu ni halali na umefaulu. Ukisema siyo, basi kimeghushiwa, hatuwezi kukipokea, na wewe huna kingine. Fikiri kabla hujajibu. Juzi umeniletea kitabu cha uongo mkononi mwako mwenyewe."

Mwalimu mkuu alikuwa hajauona ukurasa, kutoka pale alipokaa asingeweza. Aliniitikia kwa kichwa kunitia moyo. Alidhani nimeulizwa swali rahisi.

Nilimfikiria baba na sururu yake. Nilimfikiria mama, uzi umemkaza kidoleni. Nikafikiria neno "umefaulu", jinsi litakavyosikika nikilitamka nyumbani mlangoni.

"Ni yangu," nikasema.

"Yote matatu?"

"Yote."

Bi Nukta akavuta fomu, akaanza kuandika. Mwalimu mkuu akainuka, akaja taratibu kuzunguka meza, akaomba ruhusa ya kuona. Akauinamia ukurasa. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko namba zenyewe zilivyohitaji.

"Binti yangu," akasema, "mimi ndiye niliyeshika ufito."

Sikuinua uso.

"Ulisoma mara tatu. Kila uliposoma ulinitajia namba kwa sauti, na mimi nikaandika. Sikuandika kwa kukushuku. Ni ualimu tu, kitu nikitajiwa lazima nikiandike."

Akafungua mkoba, akatoa daftari la mwanafunzi lenye jalada la bluu, akaliweka juu ya meza wazi. Tarehe ilikuwepo. Saa ilikuwepo. Namba tatu zilikuwepo, kwa penseli, na chini yake maneno yangu mimi: jiwe lenu limehama.

"Wazazi wapo nje ya geti," akasema. Sauti yake haikupanda. "Niambie niwaambie nini. Siku ile ulinidanganya mimi, au leo unawadanganya hawa?"

Kalamu ya Bi Nukta ilikuwa imefika katikati ya neno. Akaiweka chini. Akavipanga vitabu vyote vitatu mbele yangu, kile kisafi, kile cha matope, na daftari la mwalimu, akaniambia nichague ninachokiamini na nisome namba ya jiwe la nne kwa sauti.